Walioosha Kanisa

Waruguru alikuwa amesimama juu ya robota la nguo za watoto, soko la Gikomba limeshachangamka, anawaita wapita njia waje waone soksi za sufu kabla baridi ya Nairobi haijawakuta miguu mitupu, aliposikia jina lake likiitwa kutoka upande wa maseremala. Hakugeuka. Asubuhi ile alikuwa na ghadhabu zake. Bei ya robota ilikuwa imepanda tena, unga ulikuwa umeadimika madukani, hata ule wa manjano ambao watoto walikuwa wakiula kwa machozi, na askari wa soko alikuwa ameshapita akachagua sweta nzuri kuliko zote, akaivaa, akaenda zake bila hata kujifanya anauliza bei. Kwa hiyo mtu wa kumwita-ita saa hizo ilifaa awe na neno la maana.

Alikuwa nalo. Ni Nzomo, fundi wa milango na kenchi za paa, mtu mrefu ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Leo alikuwa amekimbia, na vumbi la mbao lilikuwa bado limemjaa kwenye nyusi. Alisema yule bwana wa ofisi ya majengo amefika kanisani, amesimama uani, anatazama juu.

Waruguru akashuka. Akamwachia jirani wa kibanda nguo zake, akajifunga leso kiunoni, wakashika njia ya Shauri Moyo.

Sasa hebu nikueleze kuhusu kanisa lenyewe, maana ukipita pale haraka unaweza kulidharau. Watu waliliita Kanisa la Mawe, ingawa lilikuwa na jina la mtakatifu. Lilijengwa na wapangaji wa kwanza wa mtaa, enzi zile Mwafrika hatembei Nairobi bila kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, shingoni, na mawe yake waliyabeba mabegani Jumapili baada ya ibada kwa sababu siku nyingine zote zilikuwa za mzungu. Vigae vyake vyekundu vilivuka bahari kutoka Bara Hindi vikapanda reli. Na sakafu yake, hapo ndipo ulipokuwa moyo wa Waruguru. Siku ya ule msako mkubwa wa Emajensi, serikali ya mkoloni ilipotangaza hali ya hatari, askari walipomzoa baba yake pamoja na wanaume wengine wa mtaa wakawatia kwenye malori, mama yake alimshika mkono wakakimbilia kanisani, wakalala sakafuni na wanawake wenzao wakingoja. Baba hakurudi. Kaburi lake halijulikani mpaka leo. Mahali pekee duniani ambapo jina lake lilisomwa kwa sauti ni mle ndani, mara moja kwa mwaka, Jumapili ya kuwakumbuka waliotangulia. Waruguru alilipenda jengo lile kama mtu anavyompenda mtu, na hakuona haya kusema hivyo.

Lakini mchwa hawana heshima kwa nyumba ya ibada. Walizila mbao za paa hadi mvua ikaanza kuingia na kunyesha juu ya kwaya. Mchungaji akaenda ofisini kuomba ruhusa ya kukarabati. Akaambiwa jengo bovu halipewi ruhusa mpaka kwanza liwe salama. Akauliza litakuwaje salama bila kukarabatiwa. Akaambiwa akalete barua ya ruhusa. Alizungushwa hivyo hadi soli za viatu vyake zikaisha, na mtaani kila mtu alijua sababu: palikuwa na tajiri aliyekitaka kiwanja kile ajenge ghala, na ofisi ile, ambayo jina lake tuliache, ilikuwa na masikio makubwa upande wa matajiri.

Basi katika mkutano wa akina mama Waruguru akauliza swali dogo tu. Kuna sheria inayokataza kuosha? Hakuna aliyewahi kuisikia. Kuanzia siku hiyo Kanisa la Mawe lilianza kuoshwa. Waliosha kuta kwa chokaa. Waliosha madirisha, na yaliyovunjika yakaoshwa mpaka yakapata vioo vipya. Nzomo na maseremala wenzake walishusha mbao za paa kuzipangusa vumbi, na zilizorudi juu zilikuwa changa kuliko zilizoshuka. Mtu wa ofisi akipita akiuliza, anaonyeshwa ndoo na sabuni.

Mwisho vikaja vigae. Vilikuwa na ukungu wa miaka yote ile, vimekuwa vyeusi kama masufuria. Kuviacha uani ni kuwapa wezi, na ndani ya kanisa hakuna nafasi, kwa hiyo wakavigawa. Kila nyumba ikachukua fungu lake kwenda kulisugua kwa mchanga, na waliokuwa si Wakristo wakachukua pia, kwa ujirani. Juma halikuisha, tapeli mmoja mwenye kola nyeupe ya kasisi akapita nyumbani kwa Teresiah, akadai ametumwa na kanisa, akaondoka na vigae vya Teresiah kwenye gunia. Teresiah alilia kwa aibu. Waruguru, kwa hasira, akawakusanya wote akawaapisha: hakuna kigae kutoka nyumbani kwa mtu, aombe nani, aombe vipi, mpaka kengele ya kanisa ilie. Wote wakainua mikono. Na kwa kuwa siku za kuosha zilikuwa zimemnogea kila mtu, siku iliyofuata wakaishusha na kengele, wakaipeleka kwa Matheka, mhunzi wa Kamukunji, aitengenezee ulimi mpya.

Walikuwa wamejifunga kamba wenyewe, na hakuna aliyeona.

Bwana Gachanja wa ofisi ya majengo alikuwa bado amesimama uani walipofika. Alikuwa mtu wa makamo, suti safi, viatu vinavyong'aa, na sura ya mtu ambaye hapendi kazi yake lakini anapenda cheo chake. Kichwani mwa kanisa mbao mpya zilikuwa tupu, na mbingu ilionekana katikati yake. Waruguru alimsalimia kwa adabu, akamweleza kwamba mchungaji amekwenda mazishini Murang'a, na kwamba yeye ndiye mwenyekiti wa akina mama.

"Mama, mimi naona kuta," alisema Gachanja. "Jengo silioni."

"Tumeshusha vigae kuviosha, bwana."

"Kuviosha."

"Sabuni si marufuku."

Gachanja hakucheka. Alieleza polepole, kama anayemfundisha mtoto hesabu, kwamba kwa kanuni za ofisi jengo lisilo na paa si jengo tena. Ni kiwanja. Na kiwanja kisicho na jengo kinarudi mikononi mwa ofisi, ipange kukifanyia nini. Alikuwa na lori la mabati na vijana wa kuzungusha ua. Angekwenda mtaa mwingine kwanza, kisha angerudi saa kumi. Akikuta paa, ni kanisa. Asipokuta, anazungusha mabati.

Aliposema hivyo alitupa macho kwenye mbao tupu, na ilikuwa wazi kwamba hakuona dalili ya paa kupatikana kabla ya saa kumi. Akaingia kwenye gari lake akaenda.

Nzomo alikuwa ameshaanza kuvua koti. Alisema mbao ziko tayari, mafundi anao, kama vigae vikija sasa hivi wanaweza kuezeka kabla bwana huyo hajarudi. Waruguru akasema vigae vinakuja. Alikuwa na hakika. Aliwajua watu wake, na nyumba zote zilikuwa hapo hapo, mlango kwa mlango. Alijisikia mwepesi kabisa alipogonga mlango wa kwanza, wa Nyanya Adoyo.

Nyanya Adoyo alikuwa amekaa kitandani, na kitanda kilikuwa kimeinuka kwa vigae vilivyopangwa chini yake, vimesuguliwa mpaka vinawaka wekundu. Alimkaribisha Waruguru, akamuulizia watoto, akamsikiliza hadithi yote ya Gachanja na kutikisa kichwa kwa masikitiko. Kisha hakusogea.

"Kengele sijaisikia," alisema.

"Nyanya, ni mimi."

"Najua ni wewe. Si wewe uliyetuapisha?"

Waruguru akajaribu kucheka. Nyanya Adoyo hakucheka. Alisema aliinua mkono wake mbele ya msalaba, na katika umri wake hana nafasi ya kutubu mambo mapya. Waruguru akabembeleza, akaeleza tena, akakaribia kupiga magoti. Bibi kizee akamshika mkono kwa upole kabisa akamwambia akapige kengele, mambo yaishe.

Nyumba ya pili ilikuwa vile vile. Ya tatu walimfungia mlango, tena kwa heshima, wakimwomba radhi kupitia dirishani. Teresiah, aliyeibiwa, ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote, ingawa hakuwa na hata kigae kimoja. Alikuwa amekaa kibarazani kwa jirani yake kulinda vya jirani. Alimwambia Waruguru kwamba safari hii hata malaika akija na mabawa yake hapewi. Waruguru akasimama katikati ya njia, jua linapanda, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akaogopa. Alikasirika, na hakuwa na wa kumkasirikia. Watu wake walikuwa wanashika neno lao, na neno lenyewe alikuwa amewapa yeye.

Akakimbilia duka la Mzee Kombo. Huyu alikuwa Mswahili aliyezaliwa Pumwani, watu wake wa asili ya Lamu, na kwa kuwa stoo yake ilikuwa tupu mwaka ule, sukari hakuna, unga hakuna, alikuwa amejitolea kuhifadhi fungu kubwa kuliko yote. Yeye na mkewe Muhiba walikuwa wamevisugua vigae vya kanisa kila siku baada ya swala ya alasiri. Waruguru alidhani Mwislamu hatafungwa na kengele ya Wakristo. Alidhani vibaya.

"Mwanangu, niliinua mkono," alisema Mzee Kombo. "Ukitaka nivunje ahadi kwa sababu ni ya kanisani, utaniamini vipi kesho dukani?"

Waruguru akakaa juu ya gunia tupu. Muhiba akamletea maji. Akayanywa, na huku akinywa ikamjia kwamba alikuwa anapoteza saa nzima akiwaomba watu wavunje kiapo, na kiapo chenyewe kilikuwa na mlango wake. Kilitaka kengele ilie. Hakikusema ilie ikiwa wapi.

Akamwomba Mzee Kombo mkokoteni wa duka. Mzee Kombo, aliyemkatalia vigae, mkokoteni alitoa kabla Waruguru hajamaliza sentensi.

Kamukunji, Matheka alikuwa ameinamisha kengele juu ya tairi kuukuu, ulimi mpya haujakamilika. Alisema kengele isiyo na ulimi hailii. Waruguru akachukua nyundo ya Matheka mwenyewe, akaigonga kengele mara moja, na wahunzi wote wa safu ile wakaacha kugonga mabati yao wakageuka. Walikuwa hawajaisikia tangu ishushwe. Wakaibeba pamoja wakaipakia kwenye mkokoteni juu ya magunia, wakaining'iniza kidogo kwa fito mbili ili sauti yake isimezwe na mbao, na Matheka akapanda nyuma yake na nyundo mkononi, aproni ya ngozi kifuani, uso umekunjamana kama wa bwana harusi asiyezoea kutazamwa.

Walishuka Gikomba hivyo, Waruguru akivuta mbele pamoja na mahamali wawili waliojitolea, Matheka akigonga. Wauza mitumba wakasimama juu ya marobota yao kutazama. Mtu akauliza kwa sauti, "Mathe, mnauza kengele ama ni msiba?" Waruguru akajibu bila kusimama kwamba wanaenda kuezeka, na mwenye mikono afuate. Wenye mikono walifuata. Maseremala walitoka na ngazi zao.

Walipofika karibu na msikiti wa Pumwani, adhana ya adhuhuri ikaanza. Matheka akaitazama nyundo yake, akaishusha, akaushika mdomo wa kengele kwa viganja ili itulie kabisa. Msafara mzima ukasimama juani. Waruguru alikuwa anahesabu jua kichwani mwake, miguu inamuwasha kwa haraka, lakini alingoja kama wengine. Muadhini alipomaliza, wazee waliokuwa wakiingia msikitini wakawapungia mkono waendelee, na Matheka akaanza upya kwa nguvu mpya.

Na hapo, ndugu yangu, Shauri Moyo ikafunguka. Milango ile ile iliyomfungia Waruguru asubuhi ikatoa watu mmoja baada ya mwingine. Vigae vilikuja kichwani, kwenye makarai, kwenye leso zilizofungwa shingoni kama mtoto. Muhiba alitoka na buibui lake, amevipanga kwenye lile sinia kubwa la pilau ambalo halikuwa limeona pilau mwaka mzima, na nyuma yake Mzee Kombo akisimamia vijana wa duka wasivunje hata kimoja. Nyanya Adoyo alibebewa vyake, yeye mwenyewe akitangulia, na alipompita Waruguru alimwambia tu, "Umeona sasa?"

Kanisani watu walijipanga kutoka lango hadi ngazi, ngazi hadi juu, kigae kinapita mkono kwa mkono. Nzomo na wenzake walipanda mbao kama wamezaliwa juu, wakianzia chini kwenda kileleni, kila safu ikikalia iliyo chini yake. Watu waliokuwa hawajuani majina waliitana mama na baba. Mtu mmoja wa Gikomba, kofia imeshushwa mpaka machoni, aliweka gunia karibu na lango akaondoka bila salamu. Ndani palikuwa na vigae. Vilikuwa na kinyesi cha kuku, havijasuguliwa hata kidogo. Teresiah alivitambua kwa ufa wa kimoja, akavikumbatia vilivyo, uchafu na yote, akaenda kuvisugua huku akicheka na kulia.

Nzomo alipoweka kigae cha mwisho kileleni, ule upande wa jua kali ulikuwa umewaka mwekundu hivi kwamba watu walirudi nyuma hadi barabarani ili waone vizuri. Waruguru aliingia ndani peke yake. Kulikuwa na kiza kizuri, kile cha zamani, na sakafu ilikuwa baridi chini ya miguu yake. Akamtaja baba yake kwa jina, ingawa haikuwa Jumapili yake. Alifurahi. Hakuna neno lingine la kutumia hapo, alifurahi.

Saa kumi Gachanja akaja na lori lake la mabati. Alishuka, akatazama paa kwa muda. Akazunguka kanisa lote, mikono nyuma.

"Nani aliwapa ruhusa ya kuezeka?"

"Tumerudisha tulichokiosha," alisema Waruguru. "Ulisema ukikuta paa, ni kanisa."

"Ni kweli. Ni jengo." Gachanja akatikisa kichwa, hata kwa heshima kidogo. "Na kwa kuwa ni jengo, liko chini ya ukaguzi. Halijakaguliwa. Jengo ambalo halijakaguliwa ni hatari kwa wananchi. Nalifunga."

Waruguru akauliza litakaguliwa lini. Akajibiwa kwamba ofisi itawajulisha. Akauliza ni nani anayekagua. Gachanja akasema ni yeye, lakini si leo. Kijana mmoja wa lori akapitisha mnyororo kwenye vishikio vya milango miwili ya kanisa, akaukaza, akatia kufuli kubwa la shaba lenye namba ya ofisi. Gachanja akasema kwa sauti, ili wote wasikie, kwamba atakayeligusa kufuli lile atalala ndani, na hilo halikuwa tishio, ilikuwa sheria. Kisha lori likaondoka na mabati yake.

Watu walibaki wamesimama. Wengine walianza kuokota ndoo zao. Siku nzima ya kazi, ya biashara zilizoachwa, ya watoto ambao hawajapikiwa, na mwisho wake ni kipande cha shaba mlangoni. Bila paa ni kiwanja, na paa likirudi ni hatari. Ofisi ilikuwa imepanga hivyo, na Waruguru aliliona jambo lote kwa wakati mmoja, asubuhi na jioni, na hasira aliyoisikia haikuwa ya kupiga kelele. Alikwenda akasimama mbele ya milango. Aliitazama kwa muda mrefu. Ilikuwa milango ya mvule, ya tangu siku za wajenzi, na kweli ilikuwa na vumbi la siku nzima, chokaa, alama za mikono ya watu.

"Nzomo," aliita, bila kugeuka. "Hii milango tuliiosha lini?"

Nzomo akafikiri. Akasema, kwa kumbukumbu zake, milango haijawahi kuoshwa.

"Basi ni aibu. Ishushe."

Fundi yule mrefu hakuuliza la pili. Alitia patasi chini ya pini za bawaba, akazigonga juu moja moja, pole pole, mpaka zikatoka. Wanaume wakaiinua milango yote miwili kwa pamoja, ikiwa bado imeshikana kwa mnyororo, kufuli likiwa limefungwa kama lilivyofungwa, hakuna kidole kilicholigusa. Wakaipandisha kwenye mkokoteni wa Mzee Kombo, pale ilipokuwa kengele mchana. Nyuma yao kanisa lilibaki wazi, jua la jioni limeingia mpaka madhabahuni, na Nyanya Adoyo alikuwa ameshaingia kutafuta kiti chake.

Chumba cha Waruguru kilikuwa kidogo, milango haikuingia. Wakaiegemeza ukutani nje, ikitazama barabara. Akachota maji, akavua viatu, akachukua sabuni na brashi, akaanza juu akishuka. Majirani walisimama wakitazama, na wengine walileta maji zaidi. Alipofika kwenye mnyororo aliuzunguka kwa makini, akasugua mbao upande huu na upande ule, akakausha matone kwa ncha ya leso yasije yakalifikia kufuli. Lile lilikuwa mali ya ofisi, na yeye hakuwa mwizi.